Mwenye Mguu Hakuulizwa

Ko. Kimya. Ko.

Lilikuwa gongo la kaka yake, likigusa sakafu ya sementi taratibu, na kabla hajafumbua macho Povu alishajua linaelekea wapi. Gongo likienda chooni lilipiga harakaharaka. Likienda mlango wa mbele lilikuwa zito. Hili lilikuwa linanyata, na gongo linalonyata linakwenda jikoni. Siku nyingine asingejali. Leo aliruka kitandani bila hata kutafuta kandambili.

Kaka mtu alikuwa amekaa juu ya kigoda, taa imewashwa, gongo limelala mapajani. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate.

"Kaka, weka chini huo mkate!"

"Umechelewa, Povu. Hiki cha pili."

"Uliambiwa usile kitu tangu jana usiku! Hata maji!"

"Nimeteremshia na chai. Ya jana, imelala, haina hata sukari. Adhabu tosha."

Alicheka peke yake. Povu hakucheka. Jina hilo la Povu alipewa na huyuhuyu kaka, siku ya kwanza aliporudi kutoka kazini kwenye dobi, chumba cha kufulia cha hospitali, akiwa na sabuni nyuma ya sikio. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa na miaka tisa na kaka kumi na tisa. Kaka ndiye aliyemsuka nywele vibaya, akampeleka shule, akapanda mapaa ya watu kupigilia mabati ili yeye ale. Hakuna mtu Povu aliyemwogopa wala kumpenda kama huyu aliyekuwa anatafuna mbele yake.

"Kwa nini umefanya hivi?" aliuliza. "Leo ndiyo leo yako. Mfupa utasawazishwa, kigutu kitapona, utavaa mguu wako wa bandia. Miezi mitano umesimama nyuma ya mlango wa chumba chako, umevishwa kiatu, unakungoja kama mgeni."

"Jana kliniki muuguzi mmoja aliniambia nani atanipasua. Alidhani ananipa habari njema. 'Una bahati, fundi,' akasema, 'daktari mwenyewe ameomba akufanyie yeye.' Nikamuuliza, daktari gani?" Akaweka mkate gotini. "Bwana Kisu wako, aliyenikata mguu."

Povu akainamisha kichwa.

"Ulijua."

"Nilijua, Kaka."

"Mkakaa mkapanga, wewe na yeye. Mwenye mguu nimekaa hapa kama kabati." Alimtazama kwa macho mekundu, macho ya mtu ambaye hakulala. "Basi sikiliza. Nitakwenda. Nitavaa gauni lao, nitatia sahihi, nitalala. Na tumbo limejaa. Wodini nilijifunza, mtu akipigwa dawa ya usingizi na tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Anayejua nimekula ni wewe tu. Ukisema, wanafuta, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne, na bwana wako anahamishwa Jumapili. Usiposema, anapasua, mguu unapona, na mimi naona haya nampokea shemeji. Unaona ilivyo rahisi?"

"Unacheza na roho yako?"

"Sichezi. Nataka kujua nyumba hii nimebaki na nani."

Akala kilichobaki, akakung'uta makombo, akajiinua na gongo lake. Ko. Ko. Hakunyata tena.

Povu alibaki na kikombe kile cha chai baridi. Alikiosha mara mbili, kana kwamba kosa lingetoka.

Jumapili daktari alikuwa anaondoka, na alitaka waondoke pamoja. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mara tatu daktari alipangiwa kuja nyumbani kujitambulisha, na mara tatu simu ilimwita kabla hajafika. Mara ya tatu alikuwa ameshafika hata kwenye ngazi, Povu alimwona kupitia dirishani, shati jeupe limepigwa pasi, akitoa simu mfukoni. Alisikiliza, akatazama juu dirishani kwa macho ya mtu anayezama, akageuka. Kaka alikuwa amevaa kiatu chake kizuri kimoja, akingoja. Siku hiyo ndipo alipoapa. "Ukiingia nyumba ya mtu yule, Povu, mimi sina dada." Na mtu akishasema hivyo mbele ya sahani zilizopoa, hujui utaanzia wapi kumrudisha.

Tumaini lake la mwisho lilikuwa upasuaji wa leo. Alijiambia kuwa mikono iliyoondoa mguu ikimrudishia mwendo, moyo wa kaka utalegea. Sasa tumaini hilo lilikuwa ndani ya tumbo la kaka, pamoja na vipande viwili vya mkate.

Dobi halimjui mgonjwa kwa jina, linamjua kwa nguo. Miaka minne Povu alikuwa akifungua magunia yanayoteremshwa kutoka vyumba vya upasuaji, na asingehitaji kusoma kibandiko kujua lipi limetoka wapi. Gunia la upasuaji wa kupangwa lilikuwa jepesi. Mashuka ya kijani yalikuja yamekunjwa, doa moja dogo katikati kama kisahani. Nguo za mgonjwa hazikuja kabisa, kwa sababu alizivua mwenyewe, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko wake na kandambili juu. Mtu huyo alikuja kwa miguu yake. Alielezwa, akauliza, akaogopa, akatia sahihi.

Gunia la majeruhi lilikuwa zito, limelowa. Mashuka yalikuwa yamesokotana, yana alama za viatu vya watu waliokuwa wakikimbia. Na ndani yake kulikuwa na mashati na suruali zilizokatwa kwa mkasi tangu chini hadi shingoni, vifungo vyote bado vimefungwa, maana hakuna aliyekuwa na muda wa vifungo. Mtu huyu hakuja. Aliletwa.

Miezi kumi iliyopita, kwenye gunia la namna hiyo, Povu alivuta suruali ya kaki yenye kiraka gotini. Kiraka cha maua. Alikishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia, na mafundi wenzake kaka walimcheka paa zima.

Alipanda ngazi miguu mitupu, povu hadi kwenye viwiko. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa. Alikaa sakafuni akiwa ameikumbatia ile suruali, hata mlango ulipofunguka na mwanamume mrefu mwenye macho yaliyochoka akatoka. Hakusimama juu yake kama wengine. Alikaa chini, palepale sakafuni, mgongo ukutani.

"Yuko hai," alisema kwanza. Baadaye kidogo akasema, "Mguu sikuweza."

Kesho yake aliteremka dobini na kiatu kizima, kile cha mguu uliobaki, amekifuta matope. "Nilihofia watakitupa," akasema. Tangu hapo kila jioni alikuja kumweleza. Leo amefumbua macho. Leo homa imeshuka. Akimkuta anakunja mashuka, alishika ncha mbili naye Povu mbili, wanasogeleana, ncha kwa ncha, mikono inakutana, wanaachana, wanasogeleana tena. Kwanza alikuja na habari. Baadaye habari zikaisha, akawa anakuja na macho tu, na hakuna shuka lililochukua muda mrefu kukunjwa duniani kama mashuka ya jioni zile.

Saa moja asubuhi kaka alikuwa kitandani wodini, amevaa gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma. Povu alilifahamu gauni lile. Alilifua Jumanne. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mpole, alimsogezea Povu kiti bila kuombwa, akamwekea na shali yake mabegani alipomwona anatetemeka.

"Mbona kama unakwenda kupasuliwa wewe?" alimtania.

Povu alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Kaka alitazama dari. Hakumsaidia hata kwa jicho.

Daktari akaja. Leo hakuvaa zile nguo za kukimbia nazo. Alikuwa na koti safi, fomu ya ridhaa mkononi na ile kalamu nene ya kuchorea alama kwenye ngozi, maana kwenye upasuaji wa kupangwa mgonjwa huchorwa akiwa macho, aone mwenyewe patakapokatwa. Alimtazama Povu mara moja tu, na katika kutazama huko kulikuwa na Jumapili, kulikuwa na tafadhali, kulikuwa na siku zote ambazo hawatakuwa nazo.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Nzuri, Bwana Kisu."

Muuguzi akakohoa. Daktari akafungua kalamu.

"Nitakuuliza maswali machache kabla ya alama. Mara ya mwisho kula ilikuwa lini?"

"Jana," alisema kaka. "Mapema."

Kalamu ikashuka kuelekea kwenye kigutu. Povu aliitazama ikishuka. Akaona jinsi ilivyo rahisi. Pengine tumbo lingetulia. Pengine wengi hula na hakuna kinachotokea. Kimya cha dakika moja tu, na Jumapili angepanda gari akiwa na baraka za kaka yake. Akamtazama kaka usoni, akaona kidevu chake kinatikisika kama siku ile alipomrudisha kutoka makaburini akimbeba mgongoni.

"Amekula," alisema Povu.

Kalamu ikasimama.

"Alfajiri hii. Mkate vipande viwili, na chai. Nimemwona kwa macho yangu. Usimpasue. Tafadhali, usimguse."

Alisema yote kwa pumzi moja, na pumzi ilipoisha alijishika mdomo kwa mikono miwili. Alijua alichokitupa. Daktari naye alijua. Alifunga kalamu polepole, tak, akaiweka mfukoni.

"Basi leo hatupasui," alisema. "Kule kwangu, kwa majeruhi, simrudishi mtu kwa sababu amekula. Nikimrudisha anakufa, kwa hiyo tunabeba ile hatari na kumwomba Mungu. Lakini huu si wa kufa na kupona. Mfupa huu unaweza kungoja, na mimi sina haki ya kukuhatarisha ili niwahi Jumapili."

Kaka alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama dada yake.

"Umesema, Povu."

"Nimesema. Nimechagua, kama ulivyotaka. Usinichagulishe tena, Kaka, maana hakuna kilichobaki cha kuchagua."

Machozi yalimtoka hapo, bila kelele. Muuguzi alivuta pazia kuwakinga na macho ya wodi, akajiondokea.

"Fundi," daktari akaanza, "nisamehe kwa kuomba nikupasue bila..."

"Bila kuniuliza. Mara ya pili."

"Ile ya kwanza hukuwa wa kuulizwa. Damu ilikuwa inakwisha. Ningengoja uamke, usingeamka."

"Ile ya kwanza sikulaumu!" Kaka alijiinua kwa viwiko, mishipa ya shingo imesimama. "Nani amekwambia nakulaumu kwa siku ile? Nafanya kazi juu ya mapaa, najua kuanguka. Nakulaumu kwa kesho yake. Niliamka. Nikapapasa shuka pale ulipokuwa mguu, nikadhani nimelala vibaya. Nikawauliza wauguzi, wakasema daktari atakuja kukueleza. Siku ya pili nikangoja. Siku ya tatu nikangoja. Nilikuwa natega masikio kila mlango ukilia. Ulikuwa wapi?"

Daktari aliinamisha macho.

"Nitakwambia mimi. Ulikuwa chini, dobini, unamweleza dada yangu. Kila jioni! Mguu ulikuwa wa nani?"

Povu alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Jioni zile. Alizihesabu kuwa jioni nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na kila moja kati ya hizo kaka yake alikuwa ghorofa mbili juu yake, anautazama mlango. Hakuwahi kufikiri. Alipopanda kumwona alimwambia tu, "Daktari anasema unaendelea vizuri," na kushangaa mbona anageukia ukutani.

Daktari alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwenye kitanda kile. Alikaa. Alikaa ukingoni, mahali ambapo mguu ungekuwepo, kisha akagundua amekaa wapi, akataka kuinuka.

"Kaa," alisema kaka. "Hapana mtu hapo."

Ulikuwa mzaha, na haukuwa mzaha.

"Ulikuwa wako," daktari alisema. "Mguu ulikuwa wako, na maneno yalikuwa yako. Mimi, nikishamaliza mezani, wewe unakuwa wa wodi, na mezani kuna mwingine. Ndivyo tunavyofanya kazi. Watu wangu nawajua wakiwa wamelala. Wakiamka..." Akasugua uso kwa viganja. "Wakiamka nawaogopa, fundi. Nilisimama kwenye mlango huu siku ya pili. Nilikuona unapapasa lile shuka. Nikarudi. Nikajiambia nimweleze ndugu, ndugu atamweleza. Kisha nikawa naenda kwa ajili ya ndugu. Nimempenda kwa muda ulioibwa kwako. Sijui nitaurudishaje."

Povu alitamani kumshika bega mmoja wao, na hakujua yupi.

"Nieleze sasa," alisema kaka, sauti chini.

"Sasa?"

"Si nimeamka?"

"Uliletwa saa nane mchana. Hukuja kwa machela. Wenzako walikubeba juu ya bati, wanne, mbio. Wa tano alikuwa ameshika paja lako. Alivua shati akalifunga, akalikaza kwa mikono miwili. Tulipokufikisha mezani tukamwambia aachie, hakusikia. Ilibidi tumbandue kidole kimoja kimoja. Mfupi, ana pengo la jino la mbele."

"Kibiriti," kaka alinong'ona. "Kibiriti alikuja kuniona mara nane. Nilimfukuza. Nilijua yeye ndiye hakufunga ngazi sawasawa."

"Sijui habari za ngazi. Najua bila mikono yake ningepokea maiti."

Kaka alifunika macho kwa mkono. Povu akamsogelea, akampangusa shavu kwa ncha ya shali ya muuguzi, naye hakumsukuma.

"Endelea."

"Ulikuwa umepoteza fahamu, lakini macho yalikuwa wazi kidogo. Nikainama. Nikakuuliza..."

Simu ikaita.

Mkono wa daktari ulikwenda mfukoni wenyewe kabla ya kichwa chake. Povu alifumba macho. Ndiyo hiyo. Mara ya nne. Alisikia sauti ndogo ya upande wa pili, ya haraka, na maneno mawili matatu: ukuta, kijana, dakika tano. Akangoja kusikia viatu vikikimbia.

Hakusikia viatu. Alipofumbua macho daktari alikuwa amesimama, simu kifuani, hajatoka. Alikuwa anamtazama kaka.

"Fundi, wameleta mtu. Ameangukiwa na ukuta. Naomba ruhusa yako niende."

Kaka alifuta macho kwa kiganja.

"Huyo amekula?"

"Sijui. Na sitamuuliza."

"Ana dada?"

"Nalo sijui."

"Nenda."

Sasa ndipo viatu vilipokimbia. Vilikuwa vimefika kwenye pazia kaka alipoita, kwa sauti yake ya zamani, sauti ya juu ya paa.

"Daktari!"

Povu aligeuka. Miezi kumi, hakuwahi kumwita hivyo. Yule naye alisimama, mkono umeshika pazia.

"Huyo akiamka, nenda kwake. Yeye, si dada yake."

"Nitakwenda."

"Na mimi hujanimaliza. Jumapili haijafika." Kaka alikuwa anapapasa shuka pale pasipo na mguu, akaacha, akaushika mkono wa Povu badala yake. "Kesho uje nyumbani. Usije na kalamu. Uje, daktari, uniambie uliniuliza nini."